Chanjo Niliyoiruka, Simu Niliyoikana

Aika mwanangu,

Begi umelifunga mwenyewe, na umelifunga vibaya, lakini sitaligusa. Dawa zako unazijua kuliko mimi. Maji unapima kwa kikombe, chumvi unaitazama kama mwizi, na siku za kusafishwa damu umezikariri kuliko ulivyowahi kukariri chochote shuleni. Habari za baridi na joto la Dodoma sina. Sijawahi kufika, na sipendi kushauri kuhusu mji nisioujua. Kwa hiyo yale yote ambayo mama humwambia mtoto anayeondoka nayaruka. Nakuandikia jambo moja tu, na ukilimaliza utanichukia. Nimeshajiandaa.

Niko hapa kibandani sokoni Kiboriloni, nimekalia belo la mitumba ambalo sijalifungua. Mchana huu wateja wamepungua, wewe uko kwa msusi, na mtu akija sasa hivi kuniuliza bei ya sketi atajibiwa vibaya.

Jumapili tukiwa mezani ulisema neno. Nilikuwa nakula mtori wa ndizi mbele yako, wewe ukila wali mkavu, maana umezaliwa mlimani halafu ukakatazwa ndizi. Mungu naye ana mizaha yake. Ukanitazama ukasema, "Mama, mimi sitaki figo iliyolala kitanda kimoja na yule mwanamke miaka ishirini."

Nikacheka. Lilikuwa neno kali, na ningelisema mimi ningejisifu wiki nzima. Lakini wewe hukucheka. Ukasema Dodoma utaenda, vipimo utafanya, ila siku daktari atakapokuita peke yako akuulize kama unaipokea kwa hiari figo ya baba yako mkubwa, utajibu hapana. Una miaka kumi na minane. Watakusikiliza wewe, si mimi. Na mwingine hakuna. Mimi damu yangu haiendani na yako, na presha yangu unaijua. Mama yako mdogo alipimwa akakutwa na sukari. Baba yako tulishamzika. Imebaki figo moja inayokufaa, iko Mwika, ndani ya mtu ambaye mke wake unamchukia.

Unamchukia Mama Gody kwa sababu nilikufundisha kumchukia. Nilikufundisha vizuri, na wewe ni mwanafunzi hodari.

Sasa sikiliza.

Ulianza kuvimba ukiwa na miaka sita. Asubuhi uso ulikuwa umejaa kama andazi, jioni miguu. Mkojo ulikuwa na povu kama sabuni ya unga. Hospitali wakasema figo zinavuja, wakakupa vile vidonge vya prednisoloni, ukapona, ukavimba tena, ukapewa tena. Miaka miwili tulicheza mchezo huo. Mimi niliishia darasa la saba, lakini kusoma sikuacha. Kila karatasi iliyokunjwa ndani ya boksi la dawa niliisoma, kwa kamusi, neno kwa neno, hapa hapa juu ya mabelo. Wenzangu waliniita Daktari wa Mitumba. Nilikasirika mdomoni, moyoni nikafurahi. Hilo ndilo kosa langu la kwanza, na lilikuwa kubwa kuliko linavyoonekana.

Ulipokuwa na miaka minane ulikaa vizuri miezi kadhaa, wakakutoa kwenye vidonge polepole hadi ukaacha kabisa. Siku moja kliniki, sista mmoja mnene, mpole, akanivuta pembeni.

"Mama Aika, sasa ndiyo nafasi. Mtoto hajawahi kuugua tetekuwanga, na mwezi umepita hana prednisoloni. Mpeleke akachanjwe. Sindano mbili, zinapishana kidogo."

"Mbona hiyo haipo kwenye kadi yake?"

"Haimo kwenye chanjo za kawaida, utaulizia mjini wanakoagiza. Lakini mtoto wa figo si mtoto wa kawaida. Akirudishiwa vidonge kwa dozi kubwa, kinga yake itashuka na chanjo hii haitaruhusiwa. Na figo zikichoka, siku akipandikiziwa nyingine, haitaruhusiwa tena. Ni chanjo hai."

"Hai vipi?"

"Ni kirusi chenyewe, kimepunguzwa makali."

Nikamshukuru, nikaondoka na neno hilo kama mbwa na mfupa. Kirusi chenyewe, kimepunguzwa makali. Nikalitafuna njia nzima. Tetekuwanga mimi naijua. Bibi yako alitulaza watoto watano mkeka mmoja na kaka yangu aliyetoka malengelenge, akasema, "Ugueni wote kwa pamoja, nipumzike." Tukaugua, tukajikuna, tukapona. Hivyo nikajiuliza swali ambalo mpaka leo naona aibu kuliandika: kama chanjo ni tetekuwanga iliyochujwa, kwa nini nihangaike mjini kutafuta iliyotiwa maji kama pombe ya mbege ya mchoyo, wakati halisi yake ipo bure?

Sikwenda mjini. Nilisema nitakwenda wiki ijayo, kisha wiki ijayo. Ikafika Desemba.

Unajua Desemba yetu. Mchaga hata akiwa na deni na homa, Krismasi anapanda nyumbani. Baba yako alishanunua sehemu yake ya ng'ombe. Siku tatu kabla, Mama Gody akanipigia simu kutoka Mwika. Nilikuwa nimesimama hapa hapa nilipokaa.

"Mama Aika, samahani kwa habari mbaya. Gody ametoka tetekuwanga tangu juzi, mwili mzima. Mtoto wenu ana ile shida yake. Msimlete mwaka huu, au mje nyie tu, yeye abaki na shangazi yake. Nyama yenu tutawatumia."

Umesoma vizuri. Alinipigia. Alinionya kwa maneno yanayoeleweka, tena kwa adabu, na nataka nikwambie kwamba adabu yake siku zote imenikera. Nikamjibu, "Ahsante, tutaona." Nikakata.

Baba yako sikumwambia. Nilikuona unaruka kamba pale mlangoni, huna uvimbe, huna kidonge, nikaona Mungu ameniletea chanjo mlangoni kwa shemeji. Tukapanda. Mama Gody alipokuona unashuka kwenye gari alitoa macho, akaniangalia, mimi nikaangalia migomba. Gody alikuwa amefungiwa chumba cha nyuma. Watu wakawa kwenye nyama na mbege, nikakushika mkono nikakupeleka mwenyewe. Nikasema, "Kaa na kaka yako, mchezeshe, ana upweke." Mlicheza karata kitandani kwake mchana mzima. Ulifurahi sana. Ulimshinda.

Mkono uliokupeleka mle ndani ni huu unaoandika.

Hata hapo, mwanangu, bado kulikuwa na njia ya kutokea, na hili ndilo linaloniamsha. Tulirudi mjini. Siku kumi zikapita, ukapata mafua, na mafua yakaamsha ugonjwa wako kama yalivyofanya siku zote. Ukavimba. Hospitali wakataka kukurudishia prednisoloni, dozi kubwa. Daktari alikuwa binti mdogo mwenye miwani, akaniuliza kabla hajaandika:

"Mama, katika wiki tatu hizi mtoto amekaa karibu na mtu yeyote mwenye tetekuwanga au surua?"

Nilijua kwa nini anauliza. Nilishasoma. Ningesema ndiyo, wangekuwekea kinga, wangekuwa macho, wangekuanzishia dawa ya virusi mapema. Lakini kusema ndiyo kulikuwa na swali la pili nyuma yake: "Ilikuwaje?" Na mimi, Daktari wa Mitumba, mbele ya binti mwenye umri wa mdogo wangu, sikutaka kujibu hilo swali la pili.

Nikasema, "Hapana, daktari."

Siku ya sita ya vidonge ukatoka malengelenge. Unayakumbuka kidogo, kwa hiyo sitayapamba. Yalikuwa kwenye ulimi. Yalikuwa ndani ya kope. Yalikwenda kwenye mapafu, ukawa unavuta hewa kama mtu anayepanda mlima na mzigo, usiku na mchana, na umelala. Lile kovu unalolificha kwa nywele ndilo dogo kuliko yote. Daktari yule akaja mbio na faili, akaniuliza tena, safari hii si kwa upole, na baba yako alikuwa amesimama karibu yangu.

"Mama, uliniambia hakuna mgonjwa. Hii imetoka wapi?"

Nikafungua mdomo, na uongo ukatoka umevaa nguo tayari. "Kumbe Mama Gody, mke wa shemeji yangu, alikuwa na mtoto mgonjwa Mwika. Alimficha chumbani ili Krismasi isiharibike. Hakutuambia."

Baba yako alitoka nje akapiga ukuta kwa ngumi.

Hiyo ndiyo habari uliyokulia, Aika. Kila neno lake nililitunga pale wodini kwa sekunde tatu, na limedumu miaka kumi. Mama Gody alisema alipiga simu. Nikasema, "Simu gani?" Na simu haina shahidi. Ukoo ukaangalia nani ana mtoto kwenye oksijeni, wakachagua wa kumwamini.

Pasaka ikafika, ukiwa umetoka hospitali, mfupa na ngozi. Wazee wakamwambia Mama Gody hata kama alisema, mwenye mtoto aliyeumia ndiye anayeombwa radhi. Akashuka kutoka Mwika na jani la isale mkononi. Wewe ni mtoto wa mjini, labda hukuelewa ulichokiona: mtu akikujia na isale huwezi kumkatalia msamaha, hata angekuwa amekuchomea nyumba. Akapiga magoti sebuleni kwetu, mwanamke aliyenionya, akaniomba nimsamehe kwa kosa langu. Na mimi nikaipokea isale, Aika. Nikaipokea kwa mikono miwili. Nikasema, "Yameisha, dada." Nikamkaribisha chai. Nilijiona mwema siku ile, ndivyo uongo unavyokulipa.

Baba yako naye alisema amesamehe, lakini Krismasi hakupanda tena. Kila Desemba alikaa mjini akilalamikia vumbi. Miaka mitano baadaye alipanda, akiwa kwenye jeneza, na kaka yake ndiye aliyechimba kaburi katikati ya migomba, bila kusema na mtu. Nilisimama pale nikiwa na kanga nyeusi na ukweli mdomoni, na nikaumeza. Nilijiambia huo si wakati wake. Nimegundua kwamba mtu mwongo hana wakati wake hata mmoja.

Usinielewe vibaya. Daktari hakusema kwamba tetekuwanga ndiyo iliyomaliza figo zako. Figo zilikuwa na safari yao tangu mwanzo, zingefika huko huko, labda kwa mwendo mwingine. Sijui. Nimesoma karatasi zote na hakuna iliyonijibu. Wala sikuandikii ili unihurumie. Ukinihurumia nitaona umeshindwa kusoma.

Wiki mbili zilizopita tulikuwa pamoja kliniki, sista akijaza ile fomu ya chanjo ya kwenda nayo Dodoma. Ya ini, tayari. Ya nimonia, tayari. Akafika kwenye tetekuwanga.

"Hii alichanjwa?"

"Aliugua," nikasema.

"Sawa, damu inaonyesha kinga ipo. Ningekuta haipo tungehangaika sasa hivi, maana baada ya kupandikizwa haitawezekana. Alipataje, shuleni?"

Ukanitangulia. "Mke wa baba mkubwa alinipa zawadi ya Krismasi," ukasema, na sauti ilikuwa yangu kabisa. Sista akacheka kwa kutokujua afanye nini. Mimi nikaangalia viatu vyake. Vilikuwa vyeupe, na kimoja kilikuwa na doa la iodini. Nakumbuka lile doa kuliko sura yake.

Lakini hata siku ile sikusema. Ilibidi uikatae figo ndipo nifungue mdomo. Kama ungeipokea kimya kimya, nadhani ningekufa na siri yangu nikiwa mama mwema. Hilo ulijue pia.

Jana nilikwambia naenda kuchukua mzigo Himo. Sikwenda Himo. Nilipanda Mwika. Mama Gody alikuwa uani anachambua maharage, hakunipa kiti. Baba yako mkubwa alikuwa kwenye miti ya kahawa, akakata tawi, akasimama kusikiliza. Nikasema yote, nimesimama. Hakuna aliyenikatisha. Nilitamani wanikatishe.

Nilipomaliza, Mama Gody akaendelea na maharage yake. Kisha akasema, "Nilijua, Mama Aika. Nilijua siku ulipomshusha yule mtoto kwenye gari ukaangalia migomba."

"Sasa mbona ulikuja na isale?"

"Mtoto alikuwa amelala pale hana nyama mwilini, na nyie mlitaka mkosaji. Ulitaka nikuletee nini, wakili?"

Nikasogea karibu na ungo wake.

"Nataka kukuomba radhi," nikasema.

"Omba ukiwa hukohuko Kiboriloni. Hapa mimi sikusamehe. Miaka kumi kanisani kina mama wananiachia benchi peke yangu, wanasema yule ndiye alimwambukiza mtoto wa figo. Wewe ulikuwa unauza nguo." Akainua ungo akapepeta, pumba zikanirukia. Nadhani alikusudia.

Sijampenda, Aika. Nilidhani nikisema kweli nitampenda, kama wanavyosimulia kwenye mahubiri. Hapana. Nilishuka mlima nikiwa namchukia zaidi, kwa sababu sasa hata sababu sina. Nimebaki na chuki tupu, haina mguu, na bado inatembea.

Baba yako mkubwa alinisindikiza hadi barabarani, panga mkononi. Nilimwambia, kwa kuwa ameshajua, akitaka kughairi nitaelewa. Akanitazama kama mtu anayetazama mti wenye ugonjwa, akipima kama aukate.

"Wewe nani alikuuliza?" akasema. "Mimi nampa mtoto wa mdogo wangu. Wewe hukuwemo tangu mwanzo, na hata sasa humo. Keshokutwa saa kumi na mbili asubuhi niko stendi. Mwambie asichelewe." Akageuka. Halafu akageuka tena. "Na umwambie mwenyewe. Usimtume mtu, wala usimwache aambiwe na daktari."

Ndiyo nakuambia. Kwa barua, kwa sababu mdomo wangu siuamini tena kwenye jambo hili. Ungeniuliza swali moja kali, ningepata jibu zuri, na jibu zuri ndilo lililotufikisha hapa.

Barua nitaiweka juu ya nguo kwenye begi lako, utaiona ukilifungua kutafuta kanga ya kujifunika kwenye basi. Yeye atakuwa amekaa kiti cha pembeni. Hujamwamkia vizuri tangu ukiwa mtoto. Ulikuwa unatoa shikamoo kama mtu anayetema mbegu. Hutalazimika kusema lolote. Yeye si mtu wa maneno, na anajua unachosoma.

Utanikasirikia hadi Dodoma na zaidi ya Dodoma. Nipigie simu unitukane, au usipige kabisa. Vyote viwili nimevistahili, na safari hii nikipigiwa sitakana. Usinisamehe haraka ili upate usingizi. Sikukulea uwe mtu wa msamaha wa haraka, na mimi nimeshaona radhi inavyopokelewa na mtu asiyestahili.

Lakini siku hiyo wakikuita peke yako, ukae mbele ya daktari, akuulize kama unapokea kwa hiari, usimjibu Mama Gody. Hana kosa. Wala usinijibu mimi, sitakuwepo chumbani. Ikiwa ni lazima umkatalie mtu, nikatalie mimi: katalia simu zangu, katalia kurudi nyumbani, kaa kwa mama yako mdogo ukipona. Mimi nina figo zangu mbili nzima, zisizokufaa, nitakaa nazo hapa.

Yeye mwambie ndiyo.

Mama yako